Sarufi Haijamkosea Mtoto wa Mtwara

Wanaosema sarufi ndiyo iliyoua Kiingereza katika shule zetu wamekuwa wengi mno, hata siku hizi hakuna anayewadai ushahidi. Utawasikia kwenye semina za walimu, kwenye vikao vya wazazi, redioni, na kwa hao wanaouza kozi za kuongea Kiingereza ndani ya mwezi mmoja bila kugusa grama. Hoja yao ni moja, na inavutia: mtoto mchanga hujifunza lugha ya mama yake bila kuambiwa nomino ni nini wala kitenzi ni nini, basi tuwaache wanafunzi waongee, wakosee, waongee tena, lugha itaingia yenyewe. Mwalimu anayeandika ubaoni aina za maneno, akachambua kirai, akawapa watoto muundo mmoja wa sentensi waufanyie mazoezi mpaka uwakae mdomoni na mkononi, huyo anaonekana mtu wa zamani aliyekataa kubadilika.

Naipinga hoja hiyo. Naipinga kwa watoto wote wa Tanzania, lakini zaidi kwa watoto wa huku kwetu Mtwara, kuanzia mjini na Mikindani hadi Msimbati, Madimba, Mahurunga na Kitaya, kule mto Ruvuma unakoingia baharini. Kama kuna mahali ambapo kumwambia mtoto "ongea tu" ni kumtupa, basi ni hapa.

Kwanza niseme walipo na haki. Kuna kitu kimefundishwa kwa miaka mingi kwa jina la sarufi ambacho kinastahili lawama yote wanayokipa. Mwalimu anaandika ubaoni maana ya nomino kwa Kiingereza, wanafunzi wananakili, wanaikariri, na mtihani unawauliza hiyohiyo maana. Mwanafunzi anaweza kutaja aina nane za maneno bila kukwama, kisha ukimwomba amwandikie barua mwalimu mkuu kueleza kwa nini hakuja shule jana, anashindwa mstari wa kwanza. Hilo ni zoezi la kukariri fasili. Sarufi ninayoitetea ni ile inayomwonyesha mtoto neno linafanya kazi gani na linakaa wapi, linashikana na wenzake namna gani kuwa kirai, virai vinapangwa vipi kuwa sentensi, halafu yeye mwenyewe anapanga, mara nyingi, kwa maneno ya maisha yake. Wapinzani wetu wameiona ya kwanza ikishindwa, wakaamua kuifukuza na ya pili.

Sasa nirudi kwa huyo mtoto mchanga, maana ndiye shahidi wao mkuu. Mtoto wa miaka minne pale Msimbati amesikia lugha ya nyumbani kwao tangu alfajiri mpaka usiku. Tuseme saa kumi kwa siku: mpaka afike umri huo amezungukwa na lugha kwa saa zaidi ya elfu kumi na nne, akiimbiwa, akikaripiwa, akiitwa kula, akitumwa dukani. Mwanafunzi wa sekondari tumpe vipindi sita vya Kiingereza kwa wiki, dakika arobaini kila kipindi, yaani saa nne. Mwaka wa masomo una siku 194, takriban wiki 39. Ukizidisha kwa miaka minne ya sekondari, na ukijaalia kwamba hakuna kipindi kilichokosa mwalimu wala kilichoangukia siku ya mahafali, hupati saa 650. Na baada ya kengele ya kutokea, Kiingereza kinabaki darasani. Sokoni ni Kiswahili. Pantoni ya Msanga Mkuu ni Kiswahili. Nyumbani ni Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua, au Kiswahili kilichochanganyika na hivyo vyote. Ukivuka Ruvuma kwenda Msumbiji unakutana na Kimakonde hichohicho, na juu yake Kireno cha shule na serikali. Mtoto wa Namanga au wa Mutukula angalau anapakana na nchi zinazotumia Kiingereza mashuleni. Wa kwetu upande mmoja ana bahari na upande wa pili ana Kireno.

Walikuwapo waliodhani gesi italeta lugha. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, mtambo wa kuisafisha ukajengwa Madimba, bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, mwaka uleule kiwanda cha saruji cha Dangote kilipoanza. Wageni wamekuja kweli. Wamefanya kazi ndani ya uzio, na wale wa kwetu walioitwa kwa mahojiano walipewa fomu za Kiingereza na kuambiwa wazijaze palepale. Hakuna aliyepata muda wa kuizoea lugha polepole kama mtoto mchanga.

Watanijibu kwamba sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, kwa hiyo saa ni nyingi kuliko nilizohesabu. Aliyewahi kukaa nyuma ya darasa la kidato cha kwanza anajua mambo yalivyo. Mwalimu wa jiografia anaeleza kwa Kiswahili ili watoto waelewe, anaandika notsi kwa Kiingereza ili wanakili, na mtihani unakuja kwa Kiingereza. Simlaumu, bila Kiswahili chake wangetoka mikono mitupu. Lakini hizo si saa za kukisikia Kiingereza kikitumika. Ni saa za kunakili maandishi ambayo hakuna aliyemfundisha mtoto namna ya kuyafungua.

Tuangalie kosa moja kwa karibu, kwa sababu mjadala huu umekaa hewani muda mrefu mno. Chukua sentensi nne za Kiswahili ambazo mtoto yeyote wa darasa la pili anazisema: nipe kalamu, nionyeshe njia, nieleze tatizo, nifungulie mlango. Kwetu zote zina umbo moja. Kitenzi kimebeba anayetendewa, kisha kikafuatiwa na kitu. Mwanafunzi anakwenda nazo kwenye Kiingereza. Anasema "Give me the pen", yuko sawa. Anasema "Show me the way", yuko sawa. Kwa akili timamu kabisa anaendelea: "Explain me the problem", na hapo amekosea, inatakiwa "Explain the problem to me". Anamalizia na "Open me the door", amekosea tena. Inatakiwa "Open the door for me". Kosa hilo la sentensi ya tatu halimpati kidato cha kwanza peke yake. Nimelisikia kwa maofisa wenye shahada, kwenye mikutano yenye vinasa sauti. Si wazembe. Wamefuata kanuni ya lugha yao kwa uaminifu, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba Kiingereza kimegawa vitenzi vyake katika makundi, kila kundi na muundo wake.

Mwache mtu huyo "aongee tu" kwa miaka ishirini pale Mtwara. Ataongea na nani atakayemsahihisha? Wenzake wote wanasema hivyohivyo na wanaelewana vizuri. Kosa linaloeleweka halijisahihishi. Lakini mwalimu akiweka jedwali ubaoni, safu ya kwanza watendaji, ya pili vitenzi kama "give", "show", "send", "lend", ya tatu wapokeaji, ya nne vitu; kisha akachora jedwali la pili la akina "explain", "describe" na "report", ambao kitu hutangulia na mpokeaji hufuata baada ya "to"; akawaambia watunge sentensi kumi kila mmoja kuhusu mnada wa korosho, mvuvi wa pweza na karani wa chama cha msingi, kazi imefanyika ndani ya vipindi viwili. Saa moja na dakika ishirini imefanya kilichowashinda wengine kwa miaka ishirini.

Majedwali hayo hayakuanzia kwetu, na asili yake inafaa kutajwa, kwa sababu wapinzani wanapenda kudai kwamba ni mabaki ya ukoloni. Mtaalamu wa kufundisha Kiingereza, Harold Palmer, alikwenda Tokyo mwaka 1922, na A. S. Hornby akamfuata Japani miaka miwili baadaye. Walikuta wanafunzi werevu ambao wakitoka darasani hawasikii Kiingereza hata kidogo. Kwa ajili ya watu hao wakachambua miundo ya vitenzi. Kamusi ya Hornby ilitoka kwanza Tokyo mwaka 1942, kabla Oxford hawajaichukua mwaka 1948, na ndani yake kulikuwa na miundo 25 ya vitenzi, kila kitenzi kikionyeshwa kinafuata upi. Mwaka 1954 akaiandikia miundo hiyo kitabu kizima. Zana hii ilibuniwa kwa ajili ya mahali ambapo Kiingereza hakipo mtaani. Kwa hali yake ya lugha, Japani ya wakati ule iko karibu na Mtwara ya leo kuliko ilivyo London.

Na fundisho la "lugha itaingia yenyewe" lilitoka wapi? Aliyelipa nguvu kuliko wote ni Stephen Krashen, Mmarekani, miaka ya mwanzo ya 1980, akiwa California. Wahamiaji aliowaona walikuwa wakitoka darasani wanaingia kwenye basi la Kiingereza, dukani kwa Kiingereza, kazini kwa Kiingereza, nyumbani televisheni inazungumza Kiingereza. Huko mwalimu anaweza kuinua mikono na kusema mtaa utamaliza kazi. Anayelibeba fundisho hilo mpaka Mahurunga bila kuubeba na ule mtaa amechukua nusu ya jambo, tena nusu isiyo na faida.

Hata palipokuwa na lugha tele, haikutosha. Kanada, mwaka 1965, wazazi wanaozungumza Kiingereza huko Saint-Lambert, karibu na Montreal, waliwaingiza watoto wao wa chekechea katika madarasa yanayofundishwa kwa Kifaransa kitupu. Watoto wale wa Kanada, na wengi waliowafuata katika shule za namna hiyo, walifika mahali pazuri sana. Walielewa Kifaransa karibu kama wenyewe, na masomo hayakuwashinda. Lakini wakiongea na kuandika, makosa ya jinsia za nomino na minyambuliko ya vitenzi yaliwang'ang'ania hata baada ya miaka mingi ya kusikia lugha kila siku, darasa baada ya darasa. Merrill Swain, aliyewachunguza, akaandika mwaka 1985 kwamba kusikia na kuelewa hakumlazimishi mtu kupanga lugha kwa usahihi. Lazima asukumwe aitoe mwenyewe na aangalie umbo lake. Wale walikuwa na vitabu, walimu wanaoijua lugha kwa ufasaha, na madarasa yenye nafasi. Kama sarufi haikuingia yenyewe Montreal, kwa njia gani itaingia yenyewe Kitaya?

Sisi watu wa pwani hatukuhitaji kuambiwa haya na Kanada. Mikindani, Kilwa, Lamu na Unguja wamekuwapo wasomi wa Kiarabu kizazi baada ya kizazi, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga nchi ya Waarabu. Waliofikia kukisoma na kukielewa hawakukiokota barabarani. Walikaa chini na Ajurumiya, kile kijitabu cha sarufi kilichoandikwa na mwanazuoni wa Fez karibu miaka 700 iliyopita, kinachoanza kwa kugawa maneno katika jina, kitendo na herufi, kisha kikaonyesha jina na kitendo vinavyobadilika kulingana na nafasi zake. Mzee aliyeipitia njia hiyo haoni ajabu yoyote kumwambia kijana aanze na aina za maneno.

Wala wamisionari waliotuletea Kiingereza hawakujifunza lugha zetu kwa kubahatisha. Askofu Edward Steere, yule aliyewapeleka watu waliokombolewa kutoka utumwani mpaka Masasi mwaka 1876, alikuwa ameshaandika mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, wenye ngeli, viambishi na nyakati, na baadaye akatunga kitabu cha mazoezi tu. Chauncy Maples wa misheni hiyo ya Masasi akatoa mwongozo wa Kimakua mwaka 1879. Lyndon Harries, naye wa misheni hiyohiyo, akaandika sarufi ya Kimwera iliyochapwa mwaka 1950. Watu hao walizungukwa na lugha hizo mchana na usiku, wakihudumiwa na kuuguzwa kwazo. Bado waliona wanahitaji sarufi ili waandike na wahubiri bila kuchekesha watu. Mpaka leo mzungu anayekuja kujifunza Kiswahili hukabidhiwa jedwali la ngeli wiki ya kwanza, na hakuna anayemwambia kwamba linamharibu. Kwa nini kinachomfaa yeye kiitwe sumu kwa mtoto wetu?

Nije kwenye virai, mahali ambapo hasara ni kubwa kuliko pote na inazungumzwa kidogo kuliko yote. Chukua sentensi ya aina inayojaa vitabu vya baiolojia: "The rate at which water enters the root hair cells depends on the amount of salt in the soil." Mtoto wa kule Ruvuma unakoingia baharini ameyaona mambo haya kwa macho yake. Anajua mikoko inaota wapi na mpunga unakufa wapi maji ya chumvi yakipanda. Kwa Kiswahili angekueleza mpaka umwambie basi. Lakini muulize katika sentensi hiyo ni kitu gani kinachotegemea chumvi, na wengi watajibu "cells", kwa sababu ndilo neno lililokaa jirani na kitenzi. Hawajaambiwa kwamba maneno yote manane baada ya "the rate" yameparamia nomino hiyo moja, na kwamba mzigo mzima, kuanzia "the" ya mwanzo hadi "cells", ni kirai nomino kimoja chenye neno kuu moja.

Ushahidi uko palepale kwenye herufi moja. Kitenzi ni "depends", kina "s" ya umoja. "Cells" ni wingi. Basi mwenye kitenzi hawezi kuwa "cells". Mtoto wetu ana kipaji cha kuona jambo hili kuliko mtoto wa Kiingereza mwenyewe. Mwandikie kwa Kiswahili: kasi ya maji kuingia kwenye seli za mzizi inategemea chumvi iliyomo ardhini. Hakosei hata akiamshwa usingizini. Ile "i" ya mwanzo wa "inategemea" inamrudisha kwenye kasi. Ingekuwa seli angesikia "zinategemea". Amekulia ndani ya lugha ambazo kila kitenzi kinatangaza mwenyewe ni nani. Kimakonde cha bibi yake kinafanya vivyo hivyo. Kinachotakiwa ni mtu mmoja amwonyeshe kwamba Kiingereza nacho kina alama hiyo, ila imepungua mpaka ikabaki herufi moja mwishoni, na kwamba akiitafuta ataweza kusoma sentensi ndefu kiasi chochote. Masimulizi darasani kuhusu "likizo yangu" hayatamfikisha hapo kamwe, hata ayarudie kila Jumatatu.

Tena mtoto huyu hafundishwi jambo geni. Katika somo la Kiswahili, shule hiyohiyo, mara nyingi mwaka huohuo, anafundishwa aina za maneno, kirai nomino na kirai kitenzi, kishazi huru na kishazi tegemezi, sentensi sahili, ambatano na changamano. Anachora matawi: S inagawanyika kuwa KN na KT, KN inagawanyika kuwa nomino na kivumishi, mpaka kila neno likae chini ya tawi lake. Wengi wanaifanya kazi hiyo kwa umahiri mkubwa. Kisha kengele inalia, mwalimu wa Kiswahili anatoka, mwalimu wa Kiingereza anaingia, na yote yale yanafungiwa kabatini kana kwamba Kiingereza ni lugha ya viumbe wengine. Walimu hao wawili wanakaa chumba kimoja cha ofisi, pengine meza moja. Sijui hasara nyingine shuleni iliyo rahisi kuizuia kama hii. Mwalimu wa Kiingereza angesema sentensi moja tu, "kile mlichokiita kirai nomino jana ndicho hiki hapa, ila huku vivumishi vinatangulia", angekuwa amewaokolea watoto miezi.

Lakini hawezi kuisema, kwa sababu amekatazwa Kiswahili darasani. Ubao wa "Speak English" uko mlangoni, na kwenye baadhi ya shule bado mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili huvishwa kibao shingoni azunguke nacho mpaka amkamate mwenzake. Hapa ndipo hoja ya "ongea tu" inapogeuka ukatili. Unamnyima mtoto miundo, unamnyima lugha ya kuelezewa miundo, halafu unamwaibisha kwa kunyamaza au kwa kutumia lugha pekee aliyonayo. Watu husema sarufi inawatia watoto woga wa kukosea. Nimefundisha watoto wa upande huu wa nchi, na ninachokijua ni kinyume. Mtoto aliyeshika muundo mmoja barabara hupata pa kusimama. Anainua mkono akijua kwamba sentensi yake ya kwanza itakuwa sahihi, na huyo anayejua hivyo ndiye anayethubutu kujaribu ya pili. Woga unawakaa wale walioambiwa waogelee bila kuonyeshwa mkono unaanza wapi.

Na hao wanaotaka mazungumzo ya wawili wawili na vikundi, nawaomba wafanye hesabu. Darasa la wanafunzi themanini si jambo la ajabu katika shule zetu za kata. Gawa dakika arobaini kwa themanini: nusu dakika kwa kila mwanafunzi, kama mwalimu mwenyewe hatafungua kinywa. Wakiongea wote kwa pamoja katika vikundi, mwalimu mmoja anasikia vikundi vingapi? Ninaloliona ni wawili watatu waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza wakiongea, na wengine wakicheka mahali pa kucheka. Zoezi la muundo linamfanya kila mmoja wa themanini atunge na aandike, na daftari linabaki kuwa ushahidi wa nani ameelewa na nani bado. Mtaala wa 2005 ulipohamia kwenye umahiri, nia yake ilikuwa njema. Ila kwa semina fupi na madarasa makubwa, walimu wengi waliambulia jambo moja kutoka kwake, kwamba sarufi sasa ni haramu.

Iko hoja nzito zaidi, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema tatizo halisi ni kumfundisha mtoto kwa lugha asiyoijua. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kipande hadi sekondari, serikali ikakataa. Wataalamu kama Casmir Rubagumya na Martha Qorro wameieleza hasara hiyo kwa miongo. Nakubaliana nao. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima wanafunzi wetu na kukuta kwamba wengi mno hawakifikii Kiingereza kinachotakiwa ili kujifunzia kitu kingine. Baadhi wanautumia uchunguzi huo kudai kwamba sarufi ilishashindwa zamani hizo. Lakini kilichoonekana pale kilikuwa watoto wasiosoma: hawana vitabu vya kiwango chao, hawana cha kusoma nyumbani, na ndiyo maana mradi uliofuata, uliofadhiliwa na Uingereza, uliwapelekea vitabu vyepesi vya hadithi. Ni kweli, sarufi bila kusoma hukauka. Na wanaotaka Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia husema wakati huohuo kwamba Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo. Mimi nauliza: kufundisha vizuri lugha ya kigeni kama somo, kwa saa nne za wiki, bila mtaa unaoisema, ni nini kama si kuifundisha kwa maneno yake, virai vyake na miundo yake? Siku tutakayoshinda hoja ya Kiswahili, mazoezi haya yatahitajika zaidi, maana hata kile Kiingereza cha kunakili kitakuwa kimeondoka.

Wala hatuwezi kuwaacha watoto walioko darasani leo wasubiri sera ibadilike. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyemaliza darasa la saba pale Madimba anapewa wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza, kisha anakabidhiwa kitabu cha fizikia. Katika wiki hizo asifundishwe salamu na majina ya matunda, anayajua. Apewe miundo sita au saba ya sentensi inayobeba vitabu vyote atakavyokutana navyo. Afundishwe kutafuta neno kuu la kirai. Aambiwe kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba "My father he goes" inatokana na ile "a" ya "anakwenda" aliyoizoea, na Kiingereza kikishamtaja baba hakimrudii. Kwamba "the man whom I saw him" ni ile "m" ya "niliyemwona", nayo iachwe. Kwamba "naishi Mtwara tangu mwaka jana" Kiingereza hakiiweki kwenye wakati huu uliopo bali kwenye ule wa "have lived". Haya ni makosa ya Waswahili, yana sababu zake ndani ya Kiswahili, na hakuna kitabu cha London kitakachomweleza.

Mwalimu anayetaka kuanza hahitaji kibali wala projekta. Achague muundo mmoja kwa wiki. Siku ya kwanza auchambue ubaoni, kwa Kiswahili, akiuweka sambamba na sentensi ya Kiswahili ya maana ileile. Siku ya pili wanafunzi wajaze jedwali kwa mdomo, safu baada ya safu, haraka, mpaka waache kufikiri. Siku ya tatu kila mmoja aandike sentensi kumi zake mwenyewe, za kwao, za bahari, za shamba la korosho, za mechi ya Jumamosi. Siku ya nne wasome aya moja ya kitabu cha historia au baiolojia na kuuwinda muundo huo humo ndani. Na anaposahihisha madaftari themanini usiku kwa taa ya sola, asahihishe muundo wa wiki hiyo peke yake. Makosa mengine ayaache yasubiri wiki yao.